Bolti Tano

Theluji ilikuwa bado.
Bohari ya manispaa, Milwaukee, saa saba za usiku,
malori kumi na moja yamejipanga, majembe ya chuma usoni,
chumvi imejaa ghalani, hita inakohoa,
na sisi wanne, tunaolipwa kuingoja mbingu,
tulikuwa tunajenga timu.

Yolanda Burgos alipanga bolti tano juu ya meza ya mafundi:
hawa ndio warushaji wa kuanza.
Nati ndogo ndogo ni wale wa kumalizia,
wanaoitwa mambo yakishaharibika.
Kikombe kisicho na mkono, mdakaji.
Bolti ya tano ilikuwa na kutu.
"Huyu," akasema, "simtaki."

Basi vita vikaanza.
Kuna mtu sokoni Desemba hii,
mrushaji wa mashoto, miaka thelathini na minne,
kiwiko kimefunguliwa na kushonwa mara mbili,
anadai miaka mitatu, dola milioni arobaini na tano.
Kwa Burgos huyo ni mbuzi kwenye gunia,
na gunia lenyewe limetoboka,
mguu unaonekana, unachechemea.

Tou Xiong, mdogo wetu, alikuwa na takwimu zote kwenye simu:
mpira unavyozunguka, kasi iliyopungua maili mbili,
pembe ya bega linapochoka awamu ya sita.
Alizisoma kwa upole, kama anasoma cheti cha kifo.
"Tuwapandishe vijana. Wako wawili timu ya chini,
wanarusha maili tisini na nane."
"Na zinakwenda wapi hizo maili?" Casimir akauliza.
"Agosti mmoja wao alilipiga bango la soseji."

Tulicheka mpaka hita ikazimika.
Burgos akaipiga teke. Ikawaka.

Casimir Drzewiecki: miaka ishirini na tisa, lori nambari saba.
Ameona timu ikinunua mabega mazima
yakavunjika kabla ya Pasaka.
Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa,
ndivyo ningemsemea mimi;
yeye alisema tu,
"Nguvu zikiisha, ndipo mtu anapoanza kurusha."

"Miaka mitatu, Casimir!
Wa kwanza utamshangilia, wa pili utamvumilia,
wa tatu utamlipa akae benchi atafune mbegu za alizeti."

Casimir akanyoosha mkono kuchukua sukari.
Mkono wa kushoto.

Tulijua. Tangu Oktoba ule wa kulia haupandi kupita kifua,
na mtaimbo wa kuinulia jembe uko kulia.
Ubaoni, kando ya nambari saba, safu ya Januari,
kuna jina la Tou, kwa kalamu ya risasi,
limeandikwa jepesi, kana kwamba
aliyeandika naye hakutaka lisomeke.
Tou akalaza simu kifudifudi.
Nikatazama chai yangu.

Burgos aliichukua ile bolti yenye kutu,
akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha mahali pake,
akafikiri, akaisogeza iwe ya nne.
"Mwaka mmoja," akasema. "Wa pili tukipenda."
"Miwili."
"Mmoja, Casimir, na usinisukume."

Redio ikakwaruza: ziwani kumeanza.
Tukavaa glavu. Hakuna aliyetaka kutangulia mlangoni,
mpaka yeye akatangulia.

Tuliporudi saa mbili asubuhi, chumvi kwenye kope,
habari zilikuwa zimefika kabla yetu:
mashoto wetu kasaini pwani ya magharibi, miaka minne.
Minne!
Tukamtukana mwenye timu kwa mdomo mmoja,
hata Burgos, hata Tou,
kama watu walioibiwa kitu walichokuwa wanakikataa.

Mezani zilibaki bolti nne.
Fundi wa asubuhi alihitaji moja, akafungia jembe la lori nambari tatu.
Hakuuliza ilikuwa ya nani.
Burgos, bado na glavu mikononi,
akalivuta kopo la vyuma chakavu
akaanza kupekua.